Kiungulia, Vidonda vya Tumbo na Chakula Kinachokwama

Katika Manzese, pande zote mbili za Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, siku ya kazi huanza kabla ya mapambazuko na aghalabu humalizika usiku mkubwa. Mama lishe huwasha moto saa kumi na moja alfajiri ili wachukuzi, mafundi na makondakta wapate chai ya rangi na chapati kabla ya kuanza shughuli zao. Mkaanga chipsi huzima jiko lake karibu na saa sita za usiku, hula sahani ya mwisho iliyobaki, kisha huenda kulala. Saa moja baadaye huamka ghafla: kifua kinawaka moto nyuma ya mfupa wa kidari, na maji machachu yamempanda hadi kinywani. Kulipokucha huenda kwenye duka la dawa, husema kuwa ana vidonda vya tumbo, hupewa vidonge, akaendelea na kazi.

Huenda mtu huyo hana kidonda hata kimoja tumboni. Maneno “vidonda vya tumbo” yamekuwa jina la jumla la kila maumivu yaliyo kati ya koo na kitovu. Chini ya jina hilo hujificha mambo yaliyo mbalimbali: kiungulia, ambacho ni asidi iliyotoka mahali pake; vidonda vyenyewe, ambavyo aghalabu huletwa na bakteria au na dawa za maumivu; vyakula ambavyo mwili wa mtu fulani hauvipokei; na ugumu wa kumeza, ambao katika Afrika ya Mashariki ni dalili isiyopasa kungojewa hata kidogo. Kuyatenganisha mambo haya si suala la elimu tu. Mgonjwa anayetibu dalili ya nne kwa dawa ya dalili ya kwanza hupoteza miezi ambayo haiwezi kurudishwa.

Safari ya tonge

Kumeza huonekana kuwa tendo jepesi, kwa sababu binadamu hulifanya tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Kwa kweli ni tendo la misuli mingi kwa wakati mmoja. Ulimi husukuma tonge nyuma; kaakaa laini huinuka kuziba njia ya pua; koromeo hupanda juu, na kidakatonge huinama kufunika njia ya hewa. Kwa muda mfupi sana mtu huacha kupumua. Tonge huingia katika umio, yaani bomba la misuli litokalo kooni hadi tumboni, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 25 hivi.

Tonge halishuki kwa uzito wake pekee. Misuli ya umio hujikaza nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, na mkazo huo huteremka kama wimbi hadi mwisho. Ndiyo sababu mtu aweza kumeza hata akiwa amelala chali. Safari yote huchukua sekunde nane hadi kumi hivi. Mwisho wa umio kuna kilango cha msuli wa mviringo. Kilango hiki hufunguka tonge lifikapo, kisha hujifunga tena. Husaidiwa na kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, ambao hukibana kwa nje.

Tumbo na asidi yake

Kwa karne nyingi haikujulikana kwa hakika kama tumbo husaga chakula, hukiozesha au hukipika kwa joto. Jibu lilipatikana kwa ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana mmoja aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini tundu lililobaki ubavuni halikuziba, na kupitia tundu hilo ndani ya tumbo paliweza kuonekana. Kwa miaka kadhaa Beaumont alifunga vipande vya chakula kwa uzi, akavitumbukiza tumboni na kuvitoa ili aone vilivyobadilika. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1833, ilikuwa wazi kwamba tumbo hutoa maji yenye nguvu ya kuyeyusha nyama, hata ndani ya chupa. Majaribio hayo yafaa kujadiliwa darasani kwa upande wa maadili pia, maana St. Martin alikuwa maskini aliyeajiriwa na daktari huyohuyo. Wakati huohuo nchini Uingereza, William Prout alikuwa amekwisha kutangaza, mwaka 1824, kwamba asidi iliyomo tumboni ni asidi hidrokloriki.

Tumbo likiwa tupu, pH ya maji yake huwa kati ya 1 na 3 hivi. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, maji yenye pH 2 yana ayoni za hidrojeni mara 100,000 kuliko maji safi yenye pH 7. Asidi hii huua vijidudu vingi viingiavyo pamoja na chakula, na hukipa nguvu kimeng’enya cha pepsini kivunjacho protini.

Kwa nini, basi, tumbo halijiyeyushi lenyewe? Kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito wenye bikaboneti, na seli zake hufanywa upya kila baada ya siku chache. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Umejengwa ili upitishwe chakula, si ili uhifadhi asidi. Hapo ndipo ulipo msingi wa kiungulia: mara nyingi tatizo si wingi wa asidi, bali ni mahali asidi ilipo.

Kilango kinapolegea

Kila mtu hucheua mara chache kwa siku bila kujua. Asidi kidogo hupanda, mate yaliyomezwa huizimua, na wimbi la misuli huirudisha chini. Ugonjwa huanza pale asidi inapopanda mara nyingi mno au inapokaa katika umio kwa muda mrefu mno.

Sababu zake hutokana na fizikia kama zinavyotokana na kemia. Tumbo lililojaa sana hukisukuma kilango kwa chini. Chakula chenye mafuta mengi, kama chipsi mayai au mihogo ya kukaanga, hukaa tumboni muda mrefu zaidi kuliko wali mkavu, na hivyo humpa mlaji saa nyingi za hatari. Unene wa kiunoni na mkanda uliokazwa huongeza shinikizo. Mimba huongeza shinikizo hilo, na homoni zake hulegeza msuli wa kilango; ndiyo maana wajawazito wengi hulalamika. Tumbaku na pombe nazo hukilegeza. Kwa watu wengine sehemu ya juu ya tumbo hupenya katika tundu la kiwambo na kuingia kifuani, na hapo kilango hupoteza msaada wa kiwambo.

Usingizi huzidisha mambo. Mtu aliyesimama husaidiwa na mvutano wa dunia; aliyelala amelilaza tumbo usawa mmoja na umio. Isitoshe, aliyelala hutoa mate kidogo na humeza mara chache, hivyo asidi iliyopanda haizimuliwi wala hairudishwi. Mkaanga chipsi wa Manzese, alaye mafuta usiku wa manane na kulala papo hapo, amekusanya karibu sababu zote pamoja.

Kutokana na maelezo hayo, mashauri yatolewayo na madaktari hueleweka yenyewe:

1. Chakula cha mwisho kiliwe saa tatu hivi kabla ya kulala. Kwa wafanyao biashara ya usiku, maana yake ni kula saa mbili au saa tatu usiku, si baada ya kufunga kazi.

2. Milo iwe midogo na ya mara nyingi zaidi, badala ya mmoja mkubwa.

3. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai kitu kilekile, maana mito hukunja kiuno na kulikamua tumbo.

4. Kulala kwa ubavu wa kushoto husaidia, kwa sababu umbo la tumbo huiweka asidi chini ya kilango.

5. Tumbaku iachwe, pombe ipunguzwe, na mwenye unene wa kiunoni aupunguze.

Kuhusu vyakula, hakuna orodha moja iwafaayo watu wote. Mmoja huchomwa na chai ya tangawizi, mwingine na machungwa, nyanya, kahawa au pilipili. Mgonjwa afadhali aandike katika daftari kwa majuma mawili alichokula, saa aliyokula na alivyojisikia. Aondoe kile tu ambacho daftari limekishuhudia. Kujinyima kila kitu kwa hofu huleta utapiamlo bila kuleta nafuu.

Magadi, udongo na vidonge

Watu wa mtaani wana maarifa yao ya kuzimua asidi, na mengine yana msingi wa kweli. Soda ya kuokea, yaani sodiamu bikaboneti, ikikutana na asidi ya tumbo huleta mmenyuko ufahamikao kwa kila mwanafunzi wa kidato cha tatu:

NaHCO3 + HCl → NaCl + H2O + CO2

Asidi hugeuka chumvi na maji, na nafuu huja upesi. Lakini gesi ya kaboni dioksidi hulijaza tumbo, mtu hubeua, na kilango hufunguka tena. Chumvi nayo si njema kwa mwenye shinikizo kubwa la damu. Magadi yatokayo kaskazini mwa Tanzania, kwenye maeneo kama Ziwa Natron, yana mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na yaweza kuwa na floridi nyingi iharibuyo meno na mifupa. Hayafai kunywewa kila siku kama dawa.

Udongo wa kula, ambao wengi huuita pemba na ambao wajawazito huununua sokoni, unaweza kushika sehemu ya asidi na kutuliza kichefuchefu. Hata hivyo, udongo usiojulikana ulikotoka waweza kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi, na huzuia mwili kufyonza chuma wakati ambapo mama anakihitaji mno.

Vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na alumini haidroksaidi hufanya kazi ya kuzimua kama soda, bila gesi. Baadaye zilikuja dawa za namna nyingine, zisizozimua asidi iliyokwisha kutolewa bali zipunguzazo utoaji wake. Ya kwanza kuenea ilikuwa simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ikafuata omeprazoli, iliyotengenezwa nchini Sweden, ambayo hufunga pampu za seli zitoazo asidi. Kwa kuwa pampu hizo huamshwa na chakula, dawa hii humezwa nusu saa hivi kabla ya kula. Amezaye baada ya kushiba amepoteza sehemu ya fedha zake.

Dawa hizi ni nzuri, na hapo ndipo ilipo hatari. Zinatuliza hata maumivu ambayo hayatokani na kiungulia, na mgonjwa hudhani amepona.

Vidonda ni jambo jingine

Kidonda cha tumbo ni shimo halisi katika ukuta wa tumbo au wa duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Maumivu yake huwa chini ya kidari, juu ya kitovu, na huweza kuja njaa ikiuma au kumwamsha mtu usiku. Hapo zamani iliaminiwa kuwa huletwa na mawazo na pilipili. Katika mji wa Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall walionyesha kwamba aghalabu kisababishi ni bakteria wenye umbo la parafujo, Helicobacter pylori, ambao Marshall alifaulu kuwaotesha katika maabara mwaka 1982. Wataalamu wengi hawakusadiki, wakidai kuwa hakuna bakteria awezaye kuishi katika asidi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Siri ya bakteria huyu ni ya kikemia: hutoa kimeng’enya kivunjacho urea kuwa amonia, na amonia huizimua asidi iliyomzunguka.

Maambukizo haya ni ya kawaida mno katika Afrika ya Mashariki na hupatikana zaidi utotoni. Wengi walio nayo hawaumwi. Anayeumwa hutibiwa kwa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14 kamili. Sababu ya pili ya vidonda ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupunguza kinga ya ute. Mchukuzi amezaye diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo, kisha akanunua dawa ya tumbo kila asubuhi, anajaza ndoo iliyotoboka.

Chakula kimkataacho mtu

Wapo wasemao kuwa chakula fulani “kinawakataa”. Usemi huo hubeba mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni mzio, ambapo kinga ya mwili hushambulia protini ya chakula, kwa mfano ya kamba, samaki, yai au karanga. Dalili huja upesi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: ngozi kuwasha na kuvimba, midomo kufura, kutapika, pumzi kubana. Pumzi ikibana, hiyo ni dharura.

La pili ni upungufu wa kimeng’enya. Mfano ulio karibu ni maziwa. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng’enya cha laktasi. Watoto wachanga wote kwa kawaida huwa nacho, lakini kwa watu wazima wengi duniani hupungua. Laktosi isiyovunjwa hufika katika utumbo mpana, bakteria huichachusha, na mtu hujaa gesi, hunguruma tumbo au huharisha. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko matatu ya urithi yawawezeshayo watu wazima kuendelea kutengeneza laktasi, yote yakiwa tofauti na lile lijulikanalo Ulaya, na yaliyoenea haraka katika miaka ipatayo 7,000 iliyopita pamoja na ufugaji wa ng’ombe. Hivyo, watu wawili waketio benchi moja Manzese, mmoja wa ukoo wa wafugaji na mwingine wa ukoo wa wavuvi, waweza kunywa kikombe kilekile cha maziwa kwa matokeo mbalimbali, na hakuna aliye mgonjwa kati yao. Asiyeyaweza maziwa matamu mara nyingi huyaweza maziwa mgando, kwa kuwa bakteria wa ugandishaji wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Alama ya kutofautisha ni mahali na wakati. Laktosi husumbua chini ya kitovu, baada ya saa moja au zaidi. Kiungulia huchoma nyuma ya kidari, na huzidi mtu akiinama au akilala. Mzio huonekana katika ngozi, midomo na pumzi.

Chakula kinapokwama

Dalili zote zilizotajwa hadi hapa zaweza kuvumiliwa kwa siku kadhaa bila madhara makubwa, ila mzio wa ghafla. Ugumu wa kumeza hauvumiliwi.

Umio wa mtu mzima hutanuka hadi kipenyo cha sentimita mbili au zaidi. Nafasi ikipungua chini ya milimita 13 hivi, tonge gumu huanza kukwama. Mgonjwa hujizoesha bila kujitambua. Kwanza huacha nyama, akisema meno yamechoka. Kisha ugali humshinda, akahamia wali wenye mchuzi mwingi. Baadaye hula uji tu, na hatimaye hata maji hupita kwa shida. Kila hatua huonekana kuwa ndogo, na kwa kila hatua familia husema ni vidonda vya tumbo. Mtu hufika hospitali akiwa amekonda sana, miezi mingi baada ya tonge la kwanza kukwama.

Mpangilio wa dalili hufundisha mengi. Vigumu vikianza kukwama na vimiminika vikafuata baadaye, yashukiwa kuwa njia imekuwa nyembamba: kwa kovu la asidi ya miaka mingi, kwa kovu la sumu, au kwa uvimbe. Vigumu na vimiminika vikikwama pamoja tangu mwanzo, yashukiwa kuwa neva au misuli ndiyo yenye hitilafu. Upo ugonjwa ambao ni kinyume kabisa cha kiungulia: kilango hakilegei, hakifunguki, na chakula hukaa katika umio hata siku nzima, kisha hurudi bila uchachu wowote. Mgonjwa wa namna hii hatapona kwa dawa ya asidi kamwe, ila tangu Ernst Heller wa Ujerumani afanye upasuaji wa kukata msuli huo mwaka 1913, pana njia ya kumsaidia.

Kuhusu makovu ya sumu, hatari imo nyumbani. Mahali panapotengenezwa sabuni za maji na za miche kwa mikono, kostiki huwekwa pengine katika chupa za soda au za maji. Mtoto hunywa funda moja. Mmenyuko uleule ugeuzao mafuta kuwa sabuni hutokea katika utando wa seli za umio, na kuungua huko hupenya ndani sana. Baada ya majuma kadhaa kovu hujikunyata na kuziba njia. Mtoto aliyekunywa kostiki asitapishwe, maana sumu itaunguza mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja. Na kostiki isiwekwe kamwe katika chombo cha kinywaji. Vidonge vingine navyo, kama doksisaikilini, huunguza umio vikimezwa bila maji ya kutosha na mtu akalala papo hapo.

Sababu inayotisha zaidi ni saratani ya umio. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi jimbo la Eastern Cape nchini Afrika ya Kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ugonjwa huu kwa wingi. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa uangalifu. Huko Ulaya na Marekani aina iliyoongezeka inahusiana na asidi ipandayo kwa miaka mingi. Katika Afrika ya Mashariki aina iliyo ya kawaida ni nyingine, na mgonjwa aweza kuipata bila kuwahi kuwa na kiungulia. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa visababishi. Joto la vinywaji pia linachunguzwa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya mkoani Kilimanjaro, ambako wanywaji walianza kunywa chai ikiwa na joto la digrii 70 hivi za Sentigredi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya digrii 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani. Lililolaumiwa si chai, bali ni moto wake.

Kwa hiyo, mtu aonapo mojawapo ya dalili hizi asiende dukani kununua vidonge, bali aende zahanati au kituo cha afya, na aombe kupelekwa mbele: chakula kukwama au kuumiza kinapopita, kukonda bila sababu, kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, na kiungulia kilichoanza katika umri mkubwa au kisichotulia kwa matibabu. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na hospitali nyingine kubwa hufanywa endoskopi, yaani kupitisha mrija mwembamba wenye kamera ili umio na tumbo vionekane kwa macho. Maumivu ya kifua yaendayo mkononi au tayani, pamoja na jasho, yachukuliwe kwanza kuwa ya moyo, na mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo.

Majaribio mawili ya darasani

Jaribio la kwanza lahitaji chupa ya plastiki yenye kifuniko kilicholegezwa. Ijazwe nusu kwa maji yaliyotiwa rangi, isimamishwe, kisha ilazwe. Inapolala, huvuja. Wanafunzi waiinue upande wa mdomo kidogo kidogo na kupima ni sentimita ngapi zatosha kuzuia kuvuja. Kisha waijaze zaidi na kupima tena. Huo ndio mfano wa kilango, mlo mkubwa na matofali ya kitandani.

La pili lahitaji kipimajoto, saa na vikombe viwili vya chai iliyomiminwa sasa hivi, kimoja cha bati na kingine cha plastiki chenye kifuniko. Joto liandikwe kila dakika, mchoro wa grafu uchorwe, na wanafunzi watafute ni dakika ngapi hupita kabla ya kila kikombe kushuka chini ya digrii 60. Hayo yatawapa kipimo cha kwenda nacho nyumbani. Tanzania ina sifa yake katika elimu ya kupoa kwa vitu: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari pale alipouliza, mwaka 1963, kwa nini maziwa ya moto yaliganda upesi kuliko ya baridi.

Hitimisho

Mwenye kiungulia cha siku nyingi aweza kuishi vema: kwa saa ya kula, kwa namna ya kulala, kwa daftari la vyakula na, ikilazimu, kwa dawa iliyoandikwa na mganga. Mwenye vidonda aweza kupona kabisa. Mwenye chakula kinachomkataa aweza kukijua na kukiacha. Wote hao wana muda. Asiye na muda ni yule aliyeacha ugali akahamia uji pasipo mtu nyumbani kuuliza kwa nini. Mwanafunzi aliyeisoma mada ya mmeng’enyo wa chakula ana elimu ya kutosha kuuliza swali hilo, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza nyumbani awezaye kuliuliza: “Je, chakula kinakuchoma, au kinakwama?” Ikiwa jibu ni kwamba kinakwama, safari ya hospitali ianze juma hilohilo.